Neno la Ukurasa wa Tisa

4 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Mama ameniambia umeacha kabisa kushika simu, kwamba masikio yako sasa yanasikia upande mmoja tu, tena kwa kuchagua. Basi nimenunua bahasha. Barua za huku huchukua wiki tatu, kwa hiyo ukiona habari zimechacha usinilaumu.

Mimi sijambo. Mama naye anasubiri siku ya kupasuliwa mtoto wa jicho. Anasema haogopi, lakini amenipigia mara nne kuniambia haogopi. Kama unaweza kushuka mjini ukakaa naye siku hiyo, nitashukuru. Mimi siruhusiwi kuondoka mpaka kazi iishe.

Kazi yenyewe unaijua kuliko mimi. Tuko saba, wao kumi na wanne. Tunakaa mezani kuanzia saa tatu asubuhi, Balozi anasema, mimi nafasiri; wao wanasema, mimi nafasiri. Magazeti ya nyumbani yameshaandika kila kitu, kwa hiyo sikutolei siri: wanataka gati la meli zao kwenye bandari yetu na rada kwenye kilima cha nyuma yake. Sisi tunataka karakana ya kutengeneza meli, na vijana wetu wapate nafasi za kusomea uhandisi. Kikosi chetu kingine kiko kwa wale wakubwa wengine, upande wa pili wa dunia, kinazungumza mambo karibu hayo hayo. Kila asubuhi wenyeji wetu wananiuliza kwa tabasamu kama wenzetu wa huko wanaendeleaje. Nami najibu kwa tabasamu kwamba kwao kuna mvua.

Mjomba, miaka ishirini na minane uliifanyaje kazi hii? Jioni nikirudi chumbani sina hata neno moja langu mwenyewe lililobaki. Dirisha halifunguki. Nakaa kitandani na viatu miguuni, naangalia ukuta.

Nipe mawili matatu ya kunisaidia.

Mpwa wako,
Kasuku (ndiyo, bado naitika)


29 Machi

Kasuku,

Marahaba, mwanangu. Nilishuka mjini nikakaa na dada yangu siku tatu. Jicho limepona vizuri. Kitu cha kwanza alichokiona nalo ni vumbi juu ya kabati lake, akakasirika. Kwangu huku paa linavuja pale pale linapovuja siku zote. Tunaishi, mimi na paka ambaye si wangu.

Unauliza niliifanyaje. Nilikuwa nakunywa maji mengi na sikukubali kukaa karibu na mlango. Hayo ndiyo mawili. La tatu ni refu kidogo.

Nchi ya ukubwa wetu ina kazi ngumu. Tuna bandari wanayoitaka, na hatuna nguvu ya kumzuia mtu akija kuichukua. Kwa hiyo kinga yetu ni kuwa na marafiki zaidi ya mmoja, na kila mmoja ajue kwamba mwenzake yupo. Ndiyo maana kikosi cha pili kikaenda kule. Aliyekipeleka si mjinga. Gati mpe huyu, mafunzo chukua kwa yule, rada ikibidi iwe ya muda mfupi. Ukimpa mmoja vyote, umeolewa.

Tarehe ya tiketi zenu za kurudi msiitaje mbele yao, hata kwa utani. Mwenye hamu ya kwenda nyumbani ndiye anayeachia. Nimeona mkutano wa miezi minane ukiuzwa asubuhi moja kwa sababu watu walikuwa wameshafunga mabegi.

Na mtu akikuambia, "Hilo ni suala la lugha tu," weka kalamu chini.

Kula vizuri. Mama yako anasema umekonda kwenye picha.

Mjomba wako


2 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Asante kwa jicho la Mama, amenisimulia mpaka la kabati. Nimehamia kiti cha mbali na mlango na kweli kifua kilichokuwa kikinisumbua kwa upepo wa mlangoni kimepona.

Sasa nina jambo, na nimelizungukia kwa siku sita kabla ya kukuandikia.

Wiki iliyopita mwanasheria wao, mama mmoja mwembamba mwenye adabu sana, alileta mkataba wa zamani. Ule wa kituo cha antena kule uwandani, wa miaka thelathini iliyopita. Akasema kuna haja gani ya kugombania kila sentensi? Tuchukue maneno ya mkataba ule, yamekaa muda mrefu, pande zote zinayajua. Balozi alikuwa amechoka, akasema ni wazo zuri. Nikaomba nakala zote mbili, ya kwao na ya kwetu, nizilinganishe.

Kila ukurasa una herufi za mwanzo za majina ya waliohusika. Zako zipo pembeni, chini kushoto. Nilifurahi kuziona, nikataka hata kumwonyesha Balozi. Kisha nikafika ukurasa wa tisa, kifungu cha kumi na moja.

Chetu kinasema eneo la kituo halitapanuliwa ila baada ya pande mbili kukubaliana. Chao kinasema baada ya pande mbili kushauriana. Na ukurasa wa mwisho unasema pakitokea tofauti, lugha yao ndiyo itakayofuatwa.

Hujaniuliza, lakini nikwambie: pembeni ya neno hilo, kwenye nakala yetu, kuna nukta ndogo ya penseli. Ulinifundisha mwenyewe nikiwa na miaka kumi na tisa, kwenye meza yako ya kulia. Ukitilia shaka neno, usiandike kitu, weka nukta tu, halafu urudi.

Mjomba, ulirudi?

Mpwa wako


6 Juni

Kasuku,

Marahaba. Sisi wazima. Mvua zimechelewa kukatika, na fundi wa paa amekuja mara mbili kuliangalia na kutikisa kichwa. Dada yangu ameanza tena kushona. Anasema tundu la sindano analiona kama lango la uwanja wa mpira.

Barua yako niliipata. Karatasi za zamani zina mengi, na penseli zilikuwa nyingi ofisini pale, mtu yeyote angeweza kuokota moja. Usipoteze macho yako kwa vitu vilivyokwisha. Fanya kazi iliyo mbele yako.

Paka amezaa. Kumbe alikuwa jike.

Mjomba wako


27 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Hongera kwa paka.

Nimesoma barua yako mbele na nyuma, nikaimulika hata kwenye taa. Hakuna kitu ndani. Mtu aliyenifundisha kutafsiri hawezi kuandika ukurasa mzima usio na kitu kwa bahati mbaya.

Basi niseme wazi, maana hapa mezani nasema maneno ya wengine kutwa nzima. Uwanda ule ni kwao Baba. Nilikuwa na miaka minane walipokuja kuongeza uzio. Nchi ilikataa, tulisikia redioni ikikataa. Wakajibu kwamba wameshashauriana nasi na hilo linatosha kwa mkataba. Nyumba arobaini na mbili zikahamishwa. Bibi alikaa kwenye makazi mapya miezi mitano tu, akafariki. Baba mpaka anaingia kaburini, miaka minne iliyopita, alikuwa anauliza, "Lakini si tulikataa? Kukataa kwetu kulikwenda wapi?" Alikuwa anauliza hata wewe ukiwepo. Nakumbuka Jumapili moja alikuuliza wewe, kama shemeji yake aliyefanya kazi serikalini, na ukainuka kwenda kufunga dirisha.

Huku wanataka tumalize kabla ya Agosti kwisha. Waziri anakuja kutia saini. Kifungu cha zamani kimenakiliwa kama kilivyo, neno kwa neno, sasa ni cha bandari na kilima cha rada. Nyuma ya kilima kile kuna mtaa wa watu elfu tatu. Nilimwonyesha mwanasheria wao tofauti ya maneno, akaniambia kwa upole, "Hilo ni suala la lugha tu." Nilimwambia Balozi, akasema tutalitazama. Hatujalitazama.

Sikuulizi ili nikushitaki. Nauliza kwa sababu nimechoka sana, Mjomba, na naona jinsi mtu anavyoweza kuacha.

Mpwa wako


30 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Leo sina habari za paa.

Ilikuwa asubuhi ya mwisho. Tulikaa kule miezi minane. Waziri wa wakati ule alikuwa na homa, amevaa koti juu ya koti. Bendera zilishawekwa mezani, wapiga picha wako ukumbini wanapima mwanga. Nilipewa nakala mbili nizipitie kwa mara ya mwisho, nusu saa. Nikafika ukurasa wa tisa nikaliona. Nilijua maana yake pale pale, sikuhitaji hata kufungua kamusi. Nikaweka nukta.

Nikainuka kwenda kumwambia mkuu wa ujumbe. Alikuwa kwenye korido, ameegemea ukuta, amefumba macho. Nikasimama mbele yake. Akafumbua macho akasema, "Usiniambie kuna kitu." Alisema kama mtu anayeomba maji. Nikasema, "Hakuna kitu." Nikarudi nikaweka herufi zangu.

Hakuna aliyenitisha, mwanangu, wala hakuna aliyenipa chochote. Ningekuwa na la kujitetea ningelishika. Nilitaka kwenda nyumbani. Nikajiambia ni neno moja, watu wazima hawatagombana kwa neno moja. Miaka sita baadaye uzio ukaongezwa.

Baba yako aliponiuliza ile Jumapili nilifunga dirisha, ni kweli. Halikuwa na haja ya kufungwa. Dada yangu hajui mpaka leo. Nimekula kwenye nyumba ile miaka yote, nimemzika baba yako kwa mikono hii, na sijasema.

Unalotaka kufanya sijui. Wewe ndiye uliye mezani. Lakini usingoje mkuu wako afumbue macho.

Mjomba wako


3 Septemba

Mjomba,

Shikamoo. Usishangae stempu ya nyumbani. Nipo kwa Mama, chumba changu cha zamani, kati ya cherehani na magunia ya vitambaa. Barua yako ya Julai ilifika hotelini nimeshaondoka, ikanifuata kwa ndege na mfuko wa ubalozi. Nimeisoma juzi. Kwa hiyo yote nitakayokueleza niliyafanya bila kuijua. Nilikuwa na nukta yako tu, na ile barua ya paka.

Ilikuwa siku mbili kabla ya waziri kufika. Mwanasheria wao alikuwa anasoma vifungu kwa sauti, kimoja kimoja, na Balozi anaitikia, "Sawa." Mimi nafasiri: sawa, sawa, sawa. Tukafika kwenye kile. Akasoma. Balozi akasema, "Sawa." Nikafungua mdomo, neno halikutoka. Watu wakaniangalia, wakadhani sauti imekauka, mmoja akanisogezea glasi.

Nikasema kwa lugha yao, kisha kwa yetu: "Sasa nasema mimi, si Balozi. Maneno haya mawili si mamoja. Nchi yangu inaelewa kwamba hakuna kitakachopanuliwa isipokubali. Karatasi yenu inasema mtatuuliza, kisha mtafanya mtakavyo. Siwezi kuitafsiri 'sawa' hiyo."

Mkalimani hana mdomo wake, wewe ndiye uliyenifundisha, na nilikuwa nimeutumia mbele ya watu ishirini.

Balozi akaomba mapumziko. Tukatoka. Koridoni kuna viti vya plastiki, akakaa kwenye kimoja, akavua viatu.

"Umeniaibisha," akasema.

"Najua, mheshimiwa."

"Waziri anapanda ndege kesho. Unajua?"

"Najua."

Akaanza kukanda vidole vya mguu. Halafu akasema, bila kuniangalia, "Neno hilo nililiona tangu Mei, uliponionyesha. Nikajiambia tutalirekebisha mbele ya safari. Nina binti anaolewa mwezi huu. Nilitaka niwepo."

Nikakaa kiti cha pili. Tulikaa pale kama abiria waliokosa gari. Mwishowe akavaa viatu, akaenda kupiga simu nyumbani. Waziri hakupanda ndege. Balozi harusi ya binti yake aliiona kwenye simu.

Mimi nilirudishwa wiki hiyo hiyo, "kupumzika." Wenyeji walisema hawawezi kumwamini mkalimani anayetoa maoni, na kwa hilo wana haki. Nimepangiwa kitengo cha vyeti, natafsiri vyeti vya kuzaliwa na vya ndoa. Dirisha linafunguka.

Jana wametia saini. Tuliangalia na Mama kwenye runinga. Aliyefasiri ni kijana simjui. Wiki iliyopita Balozi alinitumia kurasa mbili tu za rasimu ya mwisho, bila barua, kwenye bahasha ya kazi. Neno ni kukubaliana, kwa lugha zote mbili, na lugha zote mbili zina nguvu sawa. Nasikia walilegeza msimamo waliposikia kikosi chetu cha pili kimepata masharti mazuri kule kwingine. Ulisema wajue mwenzao yupo. Lakini rada imekuwa ya miaka ishirini na mitano badala ya kumi. Hiyo ndiyo bei waliyoitaka kwa neno letu, na tumeilipa. Watu wa nyuma ya kilima wataiona ikizunguka mpaka watoto wao wawe na watoto.

Kuhusu barua yako. Niliisoma mara moja nikaiweka. Sina hasira, au ninayo lakini imechoka kama mimi. Mama sijamwambia. Si yangu kumwambia, wala si yangu kumwambia Shangazi, dada yake Baba, ambaye bado yuko kule kwenye makazi mapya. Kwa mara ya pili mwaka huu nakataa kutafsiri: haya utayasema mwenyewe.

Mpwa wako


14 Oktoba

Mwanangu,

Marahaba.

Nilianza na mama yako. Alikuwa anashona. Nilipomaliza akaendelea kushona mpaka mwisho wa mshono, akakata uzi, akaniambia nenda kwa wifi yangu, ukitoka huko ndipo uje tuzungumze. Kwa hiyo nikapanda basi.

Nilimkuta shangazi yako anapaka rangi mlango. Umri ule, na brashi mkononi. Akaniletea kigoda, akaendelea kupaka, nami nikamweleza nimekaa chini yake kama mwanafunzi. Kwa masikio yangu haya ilimbidi apaze sauti, kwa hiyo mtaa mzima ulisikia upande wake wa mazungumzo.

"Uliliona?"

"Nililiona, shemeji."

"Ukanyamaza?"

"Nikanyamaza."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa nimechoka."

Akageuka. "Na sisi tulichoka. Tulihama siku tisa kwa miguu, mama yangu tumembeba kwenye kiti. Mbona hatukusema hakuna kitu?"

Akaweka brashi juu ya kopo, akakaa kizingitini, na ndipo akaniambia jambo ambalo hata wewe nadhani hulijui. Baba yako ndiye aliyechaguliwa na wenzake kwenda kuzungumza na maofisa siku ile ya uzio. Alijiandaa usiku na mchana, akavaa shati la kuazima. Aliporudi bila kitu alijiona ameharibu yeye. Alidhani hakusema vizuri. Alipokuwa anauliza, "Kukataa kwetu kulikwenda wapi," hakuwa anaiuliza serikali, mwanangu. Alikuwa anajiuliza yeye. Miaka yote hiyo, mbele ya sahani yangu.

Nililia, sikufichi. Yeye hakulia. Alisubiri nimalize, kisha akasema kwa sauti kubwa, "Sasa umeniambia mimi. Wengine je? Kila nyumba ilimlaumu kaka yangu kidogo. Nenda kawaambie hakukosea."

Nyumba zilikuwa arobaini na mbili, zimebaki thelathini na moja. Naenda asubuhi, kwa miguu, mbili au tatu kwa siku, zaidi ya hapo magoti yanagoma. Mzee mmoja alinifungia mlango. Mama mmoja alinisikiliza mpaka mwisho akasema hakumbuki kituo chochote, akaniuliza kama nimekunywa maji. Mwingine aliniomba nimwandikie maneno yote mawili kwenye karatasi, ayaone. Akayatazama sana. "Yanafanana," akasema. Nikamwambia ndiyo, yanafanana.

Jana nimefika nyumba ya kumi na nne. Shangazi yako hazungumzi nami zaidi ya lazima, lakini amenipa chumba cha uani na amekataza niondoke kabla sijamaliza. Nimekubali. Ukiniandikia, tumia anwani ya huku.

Mjomba wako